Staa wa Bongo, Hema la Illinois na Vitu Vitatu Vilivyokatwa Kwenye Picha

Picha yenyewe ni kali, hilo halina ubishi. Mrembo mmoja wa Bongo Fleva, ambaye jina lake halina haja ya kutajwa maana kila mwenye bando anamjua, kasimama juu ya jabali la rangi ya asali. Gauni jeupe linapepea, miguu peku, na kule chini mto mpana umetulia utadhani zulia. Mpenzi wake, yule kijana ambaye mjini wanamuita shemeji wa taifa, kamshika kiuno. Kapsheni: "Njaa yangu ni wewe tu." Mahali: Starved Rock, Illinois, Marekani.

Kesho yake ikafuata ya pili. Hema la kijani, moto unawaka, vikombe viwili vya chai, na mrembo kajifunika blanketi na usingizi bado uko machoni. Hapo sasa ndo povu likaanza.

"Yaani umekata viza, umekaa kwenye ndege siku nzima, halafu unaenda kulala kwenye turubai?" aliandika mmoja, akapata laiki kuliko posti yenyewe. Mwingine akauliza kama hoteli za Chicago zimejaa. Mwingine akasema kama shida ilikuwa hema, Morogoro yapo. Timu ya mrembo nayo haikulala: "Mnajua nini kuhusu maisha nyie, mliozoea feni za kukodi?" Siku tatu mjini hakukuwa na stori nyingine.

Bahati mbaya, ugomvi wote uliangukia kwenye kitu kisicho na kosa lolote. Hema halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kwenye picha ya kwanza, ile ambayo kila mtu aliipigia makofi.

Kwanza hema limalizwe, maana hii dhana ya kwamba kulala nje ni umaskini imechosha. Kila mwaka watu wanatoka nchi za mbali, wanalipa mamilioni kwa pesa za hapa, ili walale kwenye mahema njia ya Machame wakipanda Kilimanjaro, baridi inawatafuna mpaka kwenye mifupa. Hakuna anayewaambia wamefulia. Mbongo akifanya hivyo hivyo kwao, ghafla imekuwa aibu. Waliopita JKT wanacheka tu, maana wao walilala kambini kwa amri na leo wanalipia kumbukumbu hizo.

Halafu hema la Starved Rock si la kuokota. Ni hifadhi ya jimbo, kama kilomita 150 kusini magharibi mwa Chicago, karibu na kijiji cha Utica, kando ya Mto Illinois. Imekuwa hifadhi ya jimbo tangu 1911, na kwa mwaka inapokea wageni zaidi ya milioni mbili. Ukitaka kupiga kambi wikiendi ya kiangazi, unaweka nafasi mapema sana au unabaki kutazama picha za wenzako. Ukifika unakuta sehemu yako imepewa namba, meza ya mbao, mahali pa kuwashia moto, na mabafu ya maji moto si mbali. Kambi yenyewe iko kando kidogo na mto, kwa hiyo ile asubuhi ya ukungu mtoni unaifuata, haikufuati. Usiku kuna saa ya kuzima kelele, na chakula usikiache nje, maana kuna wanyama wadogo wanaitwa rakuni, wezi wenye adabu kama za ngedere wa Zanzibar.

Ukiamka kuna makorongo 18 ya mawe ya mchanga, yamechongwa na maji kwa maelfu ya miaka. Mvua ikinyesha au theluji ikianza kuyeyuka, maporomoko yanamwagika kwenye kuta. Majira ya baridi makorongo mengine yanakuwa na nguzo za barafu, na tai wenye vichwa vyeupe wanakuja kuvua samaki pale kwenye bwawa la mto, ambako maji hayagandi. Kwa ufupi, wale wawili walichagua vizuri kuliko nusu ya mastaa wanaosafiri kwenda Marekani kupiga picha mbele ya duka la viatu.

Sasa turudi kwenye picha ya jabali.

Siku moja baada ya povu kuanza, dada mmoja Mtanzania anayeishi viunga vya Chicago aliposti albamu yake ya safari ileile. Dada huyu si staa. Kazi yake ni kuhudumia wazee, zamu za usiku, miguu inavimba. Yeye ndiye aliyewapokea uwanja wa ndege. Ndiye aliyeweka nafasi ya kambi kwa kadi yake, akaazima mahema mawili kwa rafiki wa kazini, akaendesha gari, na akapika usiku wa kuamkia safari. Aliposti picha tisa bila makeke, kapsheni ikawa shukrani kwa wageni wake. Saa mbili baadaye alikuwa ameshafuta zote, maana timu ya mrembo ilimvamia kwamba anatafuta kiki kwa mgongo wa mtu. Lakini mji unajulikana. Skrinshoti zilishatembea.

Na ndani ya zile skrinshoti kulikuwa na vitu vitatu ambavyo picha ya staa ilivikata.

Cha kwanza ni uzio. Dada alikuwa amesimama pembeni wakati ile picha maarufu inapigwa, na kwenye yake inaonekana wazi: kingo za mbao ziko nyuma ya wale wawili. Yaani walishazivuka. Lile jabali walilosimama peku liko upande wa pili, upande ambao hakuna kitu kati yako na hewa. Kwenye picha ya staa, mbao zimekatwa na pembe imechaguliwa ili ionekane hifadhi ni sebule yao.

Hapa ndipo mzaha unapoisha. Mwamba mkuu wa Starved Rock umesimama zaidi ya mita 30 juu ya mto, na kingo nyingine za hifadhi nazo si za kuchezea. Mawe yake ni ya mchanga: laini, yanamung'unyika, na yakilowa yanateleza kama sabuni. Watu wameshakufa pale kwa kuanguka, si mara moja wala mbili, na wengine walikuwa wametoka nje ya njia. Chini nako hakuna mkeka. Kuogelea na hata kutumbukiza miguu mtoni kumepigwa marufuku, kwa sababu ya mkondo na lile bwawa lenye lango la kupitishia matishali. Ule utulivu unaouona kwenye picha ni wa juu juu. Mto wa kazi ule, chini unavuta.

Wapo watakaosema wao ni watu wazima, maisha ni yao, na hakuna aliyeumia. Sawa. Lakini staa mwenye wafuasi wa kujaza viwanja vya mpira hapigi picha peke yake. Dogo wa Mbezi anayeitazama hana viza ya kwenda Illinois, ila nchini kwake yapo majabali ya Mwanza, zipo kingo za maporomoko ya Marangu na Materuni, lipo ghorofa ambalo halijamalizika lisilo na ukuta juu. Ataiga kwa alichonacho. Na yeye hatakuwa na mpiga picha wa kulipwa wala askari wa hifadhi jirani, atakuwa na mshikaji mmoja mwenye simu anayemwambia, "Rudi nyuma kidogo." Staa angeacha zile mbao zionekane, akasimama upande wake, mto ungekuwa uleule, gauni lingepepea vilevile, na laiki zisingepungua hata moja.

Cha pili kilichokatwa ni mtu. Ile picha ya hema, ya vikombe viwili, kwenye albamu ya dada ina vikombe vitatu. Kuna hotpoti kubwa ya wali wa nazi imekaa kwenye meza, kuna kuku wa kuchoma kwenye foili, na dada mwenyewe kainama anapuliza moto, kilemba kimelegea, moshi wote unamwendea usoni. Kwenye picha iliyofika kwa mamilioni, hotpoti hakuna, kikombe cha tatu hakuna, na dada kabaki kiwiko. Kweli, kiwiko. Watu walikizungushia duara jekundu wakauliza ni cha nani.

Wapo wanaosema hiyo ni kazi, picha ya mapenzi haihitaji mtu wa tatu. Hapo wana pointi. Hakuna sheria inayosema mwenyeji lazima aonekane kwenye kila picha. Biashara ya staa ni ndoto, na ndoto ya wawili haina dada anayepuliza moto. Lakini kati ya posti kumi na moja za safari nzima, shukrani zilikwenda kwa duka la gauni, kwa mtengeneza nywele na kwa mpiga picha. Aliyelipa kambi hakutajwa popote, hata kwenye stori ya saa 24 inayopotea yenyewe. Na alipovamiwa na mashabiki akaitwa mtafuta kiki, mrembo alikuwa hewani, alikuwa anajibu komenti za kusifia gauni. Sentensi moja ingemwokoa yule dada: "Muacheni, huyu ndiye mwenyeji wetu." Haikuja.

Wabongo walioko nje wanalijua hili jambo kuliko wanavyolisema. Mgeni akitoka nyumbani anapokelewa kama ndugu, anatolewa chumba cha watoto, zamu za kazi zinabadilishwa, pesa ya kodi inapigwa danadana. Mgeni akiondoka, nyumbani kunabaki picha ambazo mwenyeji hayumo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa hawakupewa jembe, waliandaliwa hema. Kuni zenyewe dada ndiye aliyenunua, na alizinunua kulekule karibu na hifadhi kama inavyoshauriwa, maana kuni za kubebwa kutoka mbali husafirisha wadudu wanaoua miti. Aliyafuata hata mambo madogo kama hayo. Wageni wake wakavuka uzio.

Cha tatu kilichokatwa hakionekani kwa macho. Ni jina la mahali.

Starved Rock, kwa Kiswahili cha haraka, ni mwamba wa waliokufa njaa. Sasa soma tena kapsheni: "Njaa yangu ni wewe tu."

Zamani, ng'ambo ya mto mkabala na mwamba ule, kulikuwa na mji mkubwa wa Wakaskaskia, mojawapo ya makabila ya muungano wa Waillinois, waliolipa jimbo jina lake. Mwaka 1673 Wafaransa wawili, Louis Jolliet na padri Jacques Marquette, walipita hapo kwa mitumbwi. Mwaka 1675 Marquette akarudi kuanzisha misheni. Majira ya baridi ya 1682 kuingia 1683, La Salle na mwenzake Henri de Tonti wakajenga ngome juu ya mwamba, Fort St. Louis, kwa sababu aliyekaa kule juu anaona kila mtumbwi unaopita. Sehemu ambayo leo ni ya kupigia picha, wakati ule ilikuwa ya kulindia biashara ya ngozi.

Jina la njaa linatokana na simulizi ya baadaye. Mwaka 1769 Pontiac, kiongozi maarufu wa Waottawa, aliuawa na mtu wa kabila la Peoria, ambao ni Waillinois pia. Simulizi inasema kisasi kilifuata. Waillinois wakakimbizwa mpaka wakapanda juu ya mwamba, maadui wakawazingira chini, na kule juu hakukuwa na chakula. Walipojaribu kushusha vyombo mtoni kwa kamba ili wachote maji, kamba zikakatwa. Wakafa njaa juu, mto wakiuona chini.

Wanahistoria wengi hawaamini kwamba ilitokea namna hiyo, kwa kuwa hakuna maandishi ya wakati ule yanayoithibitisha. Ila yaliyothibitika hayana utamu zaidi. Vita na magonjwa viliwamaliza Waillinois kwa wingi, na waliobaki wakasukumwa magharibi, hatua kwa hatua, kiasi kwamba leo wazao wao, kabila la Peoria, makao yao yako Oklahoma. Wapotawatomi nao, waliotajwa kwenye simulizi kama washindi, mwaka 1833 walisainishwa mkataba Chicago na kuhamishwa ng'ambo ya Mto Mississippi. Mshindi na mshindwa wote waliondolewa, ukabaki mwamba na jina.

Kuna anayesema, "Sasa mtu akienda kutembea ndo asome historia yote hiyo? Acheni watu wale bata." Haya. Basi fikiria mwanamuziki wa Kimarekani anakuja Zanzibar, anakwenda Mkunazini, pale kwenye kanisa lililojengwa lilipokuwa soko la watumwa. Anasimama mbele ya yale masanamu ya watumwa waliofungwa minyororo shimoni, anabinua midomo, anaandika: "Nimefungwa na penzi lako." Bongo nzima ingewaka. Angeombwa msamaha aupige kwa lugha tatu. Hasira ingekuwa ya haki kabisa, kwa sababu sisi hatuhitaji kusomeshwa kuhusu Mkunazini, tunapajua kama wanavyojua wao pao. Heshima tunayoidai kwetu ndiyo tunayodaiwa tukiwa kwa watu.

Na hakuna aliyesema wasifurahi. Mahali penye historia si msiba wa kudumu. Ile loji ya magogo na njia nyingi za hifadhi zimejengwa miaka ya 1930, enzi za mdororo wa uchumi, na vijana wasio na ajira walioandikishwa kwenye mpango wa Rais Franklin Roosevelt. Vijana wa makamo ya wale wanaocheka hema leo, nao walilala kambini, wakapokea ujira mdogo na sehemu kubwa yake ikatumwa kwa wazazi. Walijenga ili watu wafurahi. Hifadhi ina hata sehemu ya kutazamia mto inayoitwa Lover's Leap, mruko wa wapenzi, kwa hiyo mapenzi pale si mageni. Kinachotakiwa ni kujua umesimama wapi, na ukishajua, kapsheni inabadilika yenyewe.

Cha kusikitisha ni kwamba hadithi ya mwamba waliisikia. Kwa mujibu wa kapsheni ya dada, ile iliyofutwa, jioni pale motoni aliwasimulia wageni wake habari za mwamba kama alivyozisoma kwenye kibao, na shemeji akasema hadithi imemtoa machozi. Picha ya jabali ilipandishwa usiku uleule. Yaani njaa ile iliyomtoa mtu machozi saa tatu, saa tano ilishakuwa kapsheni.

Mrembo huyu si mtu mbaya. Ameshasaidia wasanii wadogo, ameshawahi kusimamisha shoo kwa ajili ya shabiki aliyezimia, na mji unalikumbuka hilo. Ndiyo maana inauma. Mtu asiye na moyo hakuna anayemdai. Huyu anadaiwa vitu vitatu vidogo, na vyote anaweza kuvilipa kabla chai haijapoa: aibadilishe ile kapsheni, awaambie wafuasi wake kwamba mbao za uzio zina kazi yake, na amtaje yule dada kwa jina alilojiandikia mwenyewe mtandaoni, kama dada ataridhia. Simu anayo mkononi.

Kwa wale ambao komenti zimewatia hamu badala ya hasira, na wana ndugu maeneo ya Chicago: nenda. Weka nafasi mapema, vaa viatu vyenye meno, nunua kuni kulekule, kaa ndani ya njia, mtoni usiingie, na jina lako usilichonge kwenye jiwe maana lile jiwe halikosi wa kulichonga na wala haliponi. Picha piga uwezavyo. Halafu kabla ya kupandisha, ile picha itazame tena pembeni, pale unapotaka kukata. Kama kuna kiwiko cha mtu, uliza ni cha nani.

Hadi jana jioni picha ya jabali ilikuwa bado ipo, na kapsheni yake ni ileile. Akaunti ya dada imefungwa, inaonekana kwa marafiki tu.

Mdau, ungekuwa wewe ndiye mwenyeji, ungewapokea tena mwakani?